The Idiot ya Iggy Pop kwenye santuri mpya: mbona sauti imefunikwa?

#1 SindanoButu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimepata toleo jipya la santuri ya The Idiot, albamu ya kwanza ya Iggy Pop akiwa peke yake baada ya bendi yake The Stooges kusambaratika. Nyuma pameandikwa 2017. Jalada safi, santuri haina hata mkwaruzo. Nikaweka sindano. Sister Midnight ikaingia: besi ipo, gitaa lipo, sauti ya mzee ipo, lakini vyote kama vimefunikwa blanketi. Ngoma hazina makali kabisa. Nikajipa moyo kwamba upande wa pili utachangamka. Wapi! Mass Production ilipokaribia kuisha ndiyo ikaanza kukoroma, kila "s" anayotamka inageuka "shhh".

Kabla hamjanirukia: mashine yangu haina shida. Raw Power, albamu ya The Stooges, kwenye mashine hiyohiyo inakata masikio.

Swali ni moja tu. Huu ni uchapaji mbovu wa toleo jipya, au albamu ndivyo ilivyozaliwa? Kila ninaposoma naambiwa hii ndiyo iliyowafungulia njia vijana wote wa post-punk, muziki uliofuata punk. Mimi mbona nasikia ukungu tu?

#2 Besi_Nzito

Ndivyo ilivyozaliwa. Uzi ufungwe.

#3 LalaSalama

Mtu anajiita SindanoButu halafu anauliza kwa nini santuri inakoroma 😂 Nimeweka kiti, naendelea kusoma.

#4 KandaMbili

Besi, tulia kwanza, wengine tuna la kusema.

Mleta uzi, albamu hiyo haikurekodiwa mahali pamoja wala kwa utaratibu uliozoeleka. Kazi ilianza kiangazi cha 1976 Château d'Hérouville, jumba la zamani nje ya Paris lililogeuzwa studio. Elton John alishapita hapo, na David Bowie mwenyewe, yule mwanamuziki Mwingereza, alirekodi albamu yake Pin Ups humo 1973. Safari hii Bowie ni prodyuza, anapiga vinanda, anapiga gitaa, na sehemu kubwa ya muziki kaitunga yeye. Iggy anaandika maneno, mara nyingine papo hapo mbele ya maikrofoni. Ngoma kapiga Mfaransa Michel Santangeli. Besi ni Laurent Thibault, aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Magma, ambaye hapohapo ndiye fundi mitambo wa studio. Hebu fikiria mtu anapiga besi na bado mitambo inamsubiri yeye.

Kutoka hapo wakahamia Musicland kule Munich kuongeza sauti na magitaa, halafu studio ya Hansa, Berlin. Mwisho kanda zikamfikia prodyuza Tony Visconti azichanganye, yaani apange uwiano wa sauti zote. Visconti ameshasema wazi kwamba ile kwake ilikuwa kazi ya uokoaji, kwa sababu kanda alizokabidhiwa zilikuwa na hali mbaya.

Kwa hiyo ukungu wako ni wa 1976, si wa 2017.

#5 Mhakiki

Nyongeza kwa #4. Ngoma na besi si za Wafaransa peke yao. Dennis Davis na George Murray, kikosi cha Bowie cha wakati ule, nao wamo, pamoja na Carlos Alomar kwenye gitaa. Sister Midnight yenyewe Bowie alikuwa ameshaipiga jukwaani mwanzoni mwa 1976, kabla Iggy hajaingia studio. Na hakuishia hapo: muziki uleule kaurudia 1979 kwenye albamu yake Lodger, kaubadilishia maneno na kuuita Red Money.

Sasa swali kwa mleta uzi: Raw Power yako ni ipi? Ipo ya 1973 aliyoichanganya Bowie, nyembamba, gitaa la James Williamson wa The Stooges liko usoni na besi imejificha. Ipo ya 1997 aliyoichanganya Iggy mwenyewe, kila kitu kimepandishwa mpaka kinapasuka. Hiyo ya pili hutajwa kila panapozungumzwa vita vya sauti kubwa vya miaka ya 90, yale mashindano ya kutoa albamu zinazopiga kelele kuliko za wengine. Kama ndiyo kipimo chako, hakuna albamu itakayokutosha.

#6 SindanoButu

Ni ya 1997, ya Iggy. Lakini hoja yangu iko palepale. Sijasema nataka kelele, nimesema nataka kusikia ngoma.

#7 LalaSalama

Shabiki wa Raw Power ya 1997 analalamikia ubora wa sauti. Nilijua kiti hiki kitanifaa.

#8 FundiMkono

Mmekimbilia historia mapema mno. Mleta uzi ametaja matatizo mawili na mnayachanganya. Ukungu ni moja. Kukoroma mwishoni mwa upande wa pili ni jingine, na hilo Bowie na Visconti hawahusiki.

Santuri ya inchi 12 inazunguka kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Lakini duara linalopitiwa na sindano linazidi kupungua kadiri unavyosogea katikati. Ukingoni, kila sekunde zinapita chini ya sindano kama sentimita 50 za mfereji. Karibu na lebo zinapita kama 21. Mawimbi yaleyale ya sauti yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano yenye ncha ya mviringo haiingii kwenye kona ndogo namna hiyo, inazipita juujuu, na herufi "s" ndizo za kwanza kuharibika.

Mass Production ina dakika nane na zaidi, na ndiyo inayofunga upande wa pili. Yaani wimbo wenye kelele nyingi kuliko zote umewekwa mahali pabaya kuliko pote.

Pima upya mkao wa katriji, kile kichwa kinachoshika sindano. Hakikisha uzito wa sindano ni ule aliopendekeza mtengenezaji, usiongeze kienyeji. Ukiweza, tafuta sindano yenye ncha ya duaradufu au nyembamba zaidi. Halafu tuambie ni katriji gani unayotumia, maana hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanzia.

#9 Besi_Nzito

Fundi, kanuni yako ni sahihi ila hapa haitoshi. Upande wa pili una nyimbo tatu tu: Dum Dum Boys dakika saba na ushee, Tiny Girls kama tatu, Mass Production nane na nusu hivi. Jumla haifiki hata dakika 19. Huo ni upande mfupi. Anayekata mfereji ana nafasi tele, akitaka anaweza kumaliza muziki mbali kabisa na lebo. Akiamua kutanua mifereji ili apate sauti kubwa zaidi, ndipo muziki unasogea hadi ndani. Huo ni uamuzi wa mtu, na kila toleo lina mkataji wake.

SindanoButu, tazama santuri yako kwa macho. Kati ya mwisho wa muziki na lebo kuna nafasi kubwa au ndogo?

#10 KandaMbili

Besi huyuhuyu ndiye aliyetaka uzi ufungwe kwenye #2. Leo anamlaumu mkataji wa 2017.

#11 Besi_Nzito

Ukungu ni wa kuzaliwa, kukoroma ni kwa mkataji. Fundi mwenyewe kasema ni matatizo mawili. Soma, kaka.

#12 JaladaTupu

Mimi ninayo ya kampuni ya RCA ya 1977, imechakaa kona lakini inapigika. Nimeisikiliza tena baada ya kusoma uzi huu. Ukungu upo. Matoazi yanasikika zaidi kidogo kuliko anavyoeleza mleta uzi, ila si albamu inayong'aa hata kidogo. Ukiitoka hiyo ukaweka Low ya Bowie, iliyotengenezwa miezi ileile na kwa sehemu ndani ya jumba lilelile, unashangaa. Ngoma za Low zinapiga kifuani. Visconti ni yuleyule.

Nje ya mada kidogo: picha ya jalada ilipigwa na Andy Kent, na ule mkao wa mikono uliopinda umetoka kwenye mchoro wa Erich Heckel uitwao Roquairol, ambao Bowie na Iggy waliupenda. Bowie kaurudia mkao wa namna hiyo kwenye jalada la "Heroes" mwaka uleule. Mimi niliinunua kwa sababu ya jalada, nakiri. Muziki ulikuja kunishika baadaye.

#13 mgeni_jina_tu

Habari zenu wadau. Mimi mgeni kwenye mambo haya ila naupenda sana wimbo wa Nightclubbing kwenye albamu hii. Je, inawezekana ukungu unatokana na ile mashine ya ngoma? Niliambiwa ni Roland TR-808, na zile za zamani zilikuwa na sauti butu.

#14 Mhakiki

Karibu sana. Aliyekwambia kakosea. TR-808 ilitoka 1980. Hata CR-78, ambayo wengine huitaja, ni ya 1978. Albamu ilitoka Machi 1977 na ilirekodiwa mwaka mmoja kabla. Ni Roland kweli, lakini ni kifaa cha zamani zaidi, kile cha midundo iliyopangwa tayari kiwandani ambacho wapiga kinanda wa hotelini walikitumia wakikosa mpiga ngoma.

Kisa chake ni kitamu. Bowie alikiweka kama kishikio cha muda tu, akitarajia ngoma za kweli zije baadaye. Iggy akakataa kata kata, akasema mdundo ubaki ulivyo. Miaka kama 17 baadaye bendi ya Nine Inch Nails wakachukua ule mpigo wa ngoma kubwa wa Nightclubbing wakauweka kwenye wimbo wao Closer. Kwa hiyo kama kuna kitu kwenye albamu hii ambacho hakina haki ya kuitwa kibovu, ni hicho.

#15 mgeni_jina_tu

Ahsante mkuu. Na wimbo wa China Girl je? Hiyo si ya Bowie, Iggy akaiimba tena?

#16 LalaSalama

Jamani mshikeni Mhakiki asianguke.

#17 Mhakiki

Nipo imara. Mgeni, ni kinyume. Ya kwanza ni hii ya Iggy, 1977, wameitunga wawili. Bowie aliirudia 1983 kwenye Let's Dance, Nile Rodgers akiwa prodyuza, ndipo dunia nzima ikaijua. Iggy, ambaye mfuko wake ulikuwa umetoboka wakati huo, alipata nafuu kubwa kutokana na mirabaha ya utunzi.

#18 LalaSalama

Sasa mmenifikisha nilipopataka. Muziki Bowie. Prodyuza Bowie. Gitaa na vinanda Bowie. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa maonyesho ya Bowie. Wimbo wa tano umekuja kuvuma kwa Bowie. The Idiot ni albamu ya Bowie iliyoimbwa na mtu mwingine, tena ya majaribio. Alikuwa anajaribu sauti mpya kwa mgongo wa rafiki yake, alipoona inalipa akaenda kutengeneza Low kwa umakini.

Tena tazameni tarehe. Hii ilirekodiwa kwanza, lakini Low ikatoka Januari 1977 na hii ikasubiri hadi Machi. Kwa nini? Ili watu wasiseme Bowie kamwiga Iggy. Hapo ndipo ukungu ulipo: mazoezi huwa hayapigwi msasa.

#19 MamaVinili

LalaSalama, umeamka vibaya leo.

Kwanza, nani kakwambia mtu wa majaribio anapewa neno la mwisho? Mhakiki kaeleza hapo #14, mashine ya ngoma ilibaki kwa sababu Iggy alitaka. Pili, sikiliza Dum Dum Boys. Anaanza kwa kuwataja wenzake wa The Stooges mmoja mmoja, nani kafa, nani kapotelea wapi. Dave Alexander alikuwa amefariki 1975, Zeke Zettner kabla yake. Bowie hakuwa Ann Arbor, mji walikotoka The Stooges. Wimbo huo ungeandikwa na nani kama si mtu wa kikosi hicho? Na gitaa lake Bowie alianza kulipiga mwenyewe, likamshinda kulishikilia, ikabidi aitwe Phil Palmer alimalizie. Kwa hiyo hata hilo "gitaa Bowie" lako lina mipaka.

Tatu, walipokwenda jukwaani Machi 1977, Bowie alikaa pembeni kwenye kinanda. Blondie walifungua maonyesho ya Marekani. Watu walikuja kumwona Iggy, na waliokuja kumwona Bowie waliambulia ubavu wake tu.

Kuhusu ukungu, mimi nasema ni wa makusudi. Mtu aliyekuwa akipiga mayowe kwenye Fun House ya The Stooges hapa anaimba chini kabisa kooni, polepole, anakokota maneno. Kwenye Funtime Bowie alimshauri aimbe kama Mae West. Huo si uimbaji wa kuwekewa ngoma zinazong'aa. Wakati ule walikuwa wanasikiliza bendi za Wajerumani, Kraftwerk na Neu!, na Kraftwerk wenyewe wamewataja Iggy na Bowie kwa majina ndani ya Trans-Europe Express, 1977 hiyohiyo. Walijua wanachotafuta.

#20 FundiMkono

Mama, heshima yako. Lakini Kraftwerk na Neu! wote wanasikika safi, unaweza kuhesabu kila mdundo. Ukiwaiga hao hupati tope.

Tena mkisema ukungu ulikusudiwa, mnagongana na Visconti aliyesema alikuwa anaokoa. Mtu haokoi kilichokusudiwa.

#21 MamaVinili

Anaweza kabisa kuokoa kanda chafu bila kuondoa giza ambalo wenyewe walilipenda. Hakuna mgongano hapo.

#22 KandaMbili

Kuna anayekumbuka mapokezi? Uingereza ilifika nafasi ya 30, Marekani 72. Kwa Iggy hiyo 72 ilibaki kuwa kilele chake Marekani hadi albamu yake Post Pop Depression ya 2016, iliyofika 17. Kama albamu ingekuwa mbovu wa sauti kiasi hicho, RCA wangeirudisha jikoni.

#23 Besi_Nzito

RCA hawakujali. Mwaka huohuo, Lust for Life ilipotoka mwishoni mwa Agosti, Elvis alikuwa amefariki tarehe 16, na mitambo ya RCA ikageukia kuchapa santuri za Elvis. Albamu ya Iggy ikakosa kuwekwa madukani ipasavyo. Usinitajie RCA kama wapimaji wa ubora.

#24 Analogia_Damu

Nimesoma yote, mnazunguka mbuyu. Tatizo ni DIJITALI. Matoleo mapya karibu yote yanakatwa kutoka kwenye faili, si kwenye kanda. Unanunua CD iliyovaa nguo nyeusi. Halafu tangu kile kiwanda cha Apollo Masters kiungue California, diski za kukatia zimekuwa za shida, wanakata kwa chochote wanachokipata. Na SindanoButu hajatuambia uzito wa santuri. Kama si gramu 180, usitegemee besi.

#25 Mhakiki

Tupunguze moja moja.

Apollo Masters iliungua Februari 2020. Santuri ya mleta uzi ni ya 2017. Moto haurudi nyuma.

Gramu 180: uzito hauongezi besi. Mfereji una kina kilekile kwenye santuri nyepesi na nzito. Nzito inaweza kukaa bapa vizuri zaidi, na inampa mnunuzi raha ya mkono. Basi.

Dijitali: inawezekana kabisa ilikatwa kutoka faili, lakini hilo peke yake haliongezi ukungu. 2022 ilipobainika kwamba matoleo mengi ya kampuni ya Mobile Fidelity yalipitia hatua ya dijitali, waliotaharuki zaidi ni walewale waliokuwa wakiyasifu kwa "joto la kanda". Masikio yao hayakuwa yamegundua lolote.

#26 Analogia_Damu

Masikio yangu yaligundua.

#27 LalaSalama

Yaligundua baada ya habari kutoka au kabla?

#28 Analogia_Damu

Sijibu uchokozi.

#29 JaladaTupu

Mimi nina nadharia nyingine, msinicheke. Mleta uzi alifika kwenye albamu hii akitokea The Stooges. Masikio yalikuwa yanasubiri Williamson. Nilipitia hukohuko. Mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Nilipokuja kusikiliza bendi ya Joy Division, albamu yao Unknown Pleasures ya 1979, kisha nikarudi kwenye The Idiot, nikaona kumbe si kwamba kuna kitu kimekosekana. Ile nafasi tupu kati ya besi na sauti ndiyo muziki wenyewe. Mwimbaji wao Ian Curtis aliipenda The Idiot mno, na inajulikana kwamba ndiyo iliyokuwa kwenye mashine yake alipojiua Mei 1980.

#30 Besi_Nzito

Hilo la mwisho tuliache lipumzike. Ila umechomekea jambo: Unknown Pleasures nayo ina giza, na bado kila ngoma inasikika imekaa chumba chake. Prodyuza wao Martin Hannett alilijenga lile giza. Hili la 1976 lilitokea tu.

#31 MamaVinili

"Lilitokea tu", halafu kizazi kizima kikatumia miaka mitatu kulitafuta kwa makusudi. Sawa.

#32 SindanoButu

Nimerudi na majibu.

Nimepima upya mkao wa katriji kama Fundi alivyosema, ulikuwa umekaa upande. Nafasi kati ya mwisho wa muziki na lebo ni ya wastani, si kubwa si ndogo, kwa hiyo Besi hajashinda wala kushindwa. Mass Production sasa kukoroma kumepungua sana, "s" zimerudi kuwa "s" isipokuwa pale mwisho kabisa ambapo vile vyombo vinaanza kupinda na kuyumba. Pale sijui kama ni santuri au ni wimbo.

Ukungu uko vilevile.

#33 FundiMkono

Safi. Na hapo mwisho usihangaike, ni wimbo. Zile kelele za kiwandani Thibault alizitengeneza kwa kuunganisha vipande vya kanda na kuvizungusha mfululizo, na kinanda kinapinda kimo cha sauti kwa makusudi. Kikipinda kwenye Funtime ndiyo unipigie kelele.

Katriji gani?

#34 KandaMbili

Kwa mnaotaka kulinganisha bila kununua santuri nyingine: 2020 lilitoka boksi la CD saba, The Bowie Years, lenye The Idiot na Lust for Life zilizosafishwa upya na baadhi ya nyimbo zikiwa zimechanganywa kwa namna tofauti. Mimi nikisikiliza humo naona ngoma zimesogea mbele kidogo. Kidogo tu. Ndiyo maana bado nashikilia #4: kama kanda ingekuwa na makali, watu wa 2020 wangeyatoa.

#35 Analogia_Damu

Au hawakutaka kuyatoa kwa sababu wangeonekana wameharibu "kito". Wasafishaji ni waoga. Iggy mwenyewe alipopewa Raw Power 1997 hakuogopa.

#36 Mhakiki

Na ndiyo maana 2010 mchanganyo wa Bowie ukarudishwa sokoni.

#37 LalaSalama

Kwa hiyo Bowie akichanganya mnalalamika, Iggy akichanganya mnalalamika, Visconti akiokoa mnalalamika. Mzee kafikisha miaka 75 na zaidi anatoa albamu ya Every Loser Januari 2023, anapiga kelele zilezile, nyie bado mko kwenye ngoma za 1976. Mimi nashikilia langu: hii ni albamu ya Bowie. Ukungu ni jasho lake.

#38 SindanoButu

LalaSalama, hoja yako ingekuwa na nguvu kama Low isingesikika vizuri. Visconti ni huyohuyo, jumba ni hilohilo. Nani kati yenu anaweza kunieleza kwa nini Low inapiga na hii haipigi?

#39 FundiMkono

Low Visconti alikuwepo tangu mwanzo na kile kifaa chake cha kupinda kimo cha sauti ya ngoma, Eventide Harmonizer. Ngoma ziliingia kwenye kanda tayari zina umbo. Hii aliletewa mwishoni. Huwezi kuongeza mkong'oto ambao maikrofoni haikuushika.

#40 MamaVinili

Au hii haikuhitaji mkong'oto. Weka Tiny Girls usiku, punguza taa, ule saksofoni wa Bowie uniambie unataka ngoma za nini.

#41 Besi_Nzito

Mama anahamia mapenzi sasa. SindanoButu, kama unataka Iggy wa 1977 mwenye ngoma, chukua Lust for Life. Mpiga ngoma Hunt Sales pale hana huruma, na ule mdundo wa mwanzo umetokana na mlio wa kituo cha televisheni cha jeshi la Marekani walichokuwa wakikitazama Berlin. Bowie aliutunga kwa ukulele.

#42 mgeni_jina_tu

Ukulele?? Mkuu, hapo unatupiga kamba.

#43 Mhakiki

Si kamba. Ni ukulele kweli.

#44 LalaSalama

Na huo nao Bowie! Niendelee au mmekubali?

#45 SindanoButu

Hilo fungueni uzi wenu. Hapa bado nasubiri mtu wa ngoma.

#46 FundiMkono

Na mimi bado nasubiri jina la katriji.